Mashine ya leza kwa karakana ya seremala Dodoma: dayodi au CO2, na wati ngapi?

Mbao_Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Karakana iko Nkuhungu, paa la bati, umeme wa fezi moja. Kazi kubwa ni milango, vitanda na makabati ya mninga, mkongo na mtiki. Sasa wateja wanaulizia majina na nembo kwenye kichwa cha kitanda, vibao vya mezani vya maofisini kule Mtumba (mji wa serikali), ngao za kuagana na wastaafu, na zawadi za mahafali ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Nataka leza moja ya kuanzia. Wengine wananiambia dayodi (mwanga unatoka kwenye kifaa kidogo cha umeme), wengine CO2 (unatoka kwenye tyubu ya kioo yenye gesi). Naomba wanaozijua hizi mashine waniambie ipi inafaa, wati ngapi, na niandae nini kabla haijafika.

Mwale450

Mkuu, anza na ukubwa wa kazi, wati zitafuata. Mlango wa kawaida una mm 2,100 kwa 900. Hauingii kwenye boksi la CO2 la 600 × 400, wala la 900 × 600. Kichwa cha kitanda cha futi 6 nacho kinazidi mm 1,800. Kama oda nyingi ni nembo juu ya samani iliyokwisha kuungwa, unahitaji fremu ya wazi unayoilaza juu ya mbao, ikachora hapo hapo. Hizo karibu zote ni dayodi za mwanga wa bluu, nanomita 450 (urefu wa wimbi la mwanga), eneo la kazi kama 400 × 400.

Kwenye wati ndiko watu wanakopigwa. Tangazo linasema wati 40, kumbe ni umeme unaoingia, na mwanga unaotoka ni wati 5 tu. Muulize muuzaji wati za mwanga, akupe kwa maandishi, kisha soma adapta. Adapta ya volti 12 ampia 5 ni wati 60 kwa jumla, na humo zimo mota, feni na ubao wa kontrola. Haiwezi kulisha moduli ya wati 40 za mwanga, kwa sababu dayodi hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto. Moduli ya wati 20 halisi kwa kawaida ina dayodi nne za wati 5 na ushee zilizounganishwa mwale mmoja, na adapta yake huwa ya volti 24, ampia 5 au 6.

Kwa karakana yako ningechukua wati 20 halisi. Ya wati 5 inachora vizuri sana ila kukata plaiwudi ya mm 3 ni mateso. Ya wati 10 ni nzuri kwa zawadi ndogo. Ya wati 20 ikiwa na pampu ya hewa inakata mm 3 kwa kupita mara moja, anzia mm 300 hadi 500 kwa dakika kisha panda au shuka.

CO2_Kizota

Naheshimu mchango wa Mwale450, lakini hapa napingana naye. Msome mteja wa Mtumba. Kibao cha mezani cha ofisi mara nyingi ni mbao chini na akriliki (plastiki ngumu kama kioo) juu, na ngao nyingi zina kipande cha akriliki inayong'aa. Mwanga wa bluu unapita kwenye akriliki angavu bila kuigusa. Dayodi itakata nyeusi na baadhi ya rangi nzito, angavu haikati. CO2 ina nanomita 10,600, na akriliki inaumeza mwale huo wote, ukingo unatoka laini kama umepigwa polishi. Mihuri ya mpira pia ni kazi ya CO2.

Halafu kuna kasi. Mashine ya wati 60 inakata plaiwudi ya mm 3 kwa mm 20 hadi 25 kwa sekunde, yaani mm 1,200 hadi 1,500 kwa dakika. Ukipata oda ya vibao 80 vya mahafali, tofauti hiyo ndiyo faida yako.

Kwenye CO2 nako kuna wati za tangazo. Dawa yake ni futi kamba. Tyubu ya kioo yenye urefu wa mm 700 ni ya wati 30 hadi 40 hata stika iseme 50. Ya mm 1,000 ni kama 50. Wati 60 halisi inataka karibu mm 1,250, ndiyo maana mashine nyingi za 600 × 400 zenye tyubu hiyo huwa na kiboksi kimechomoza ubavuni.

Mbao_Nkuhungu

Asanteni wakuu. Kuchora nembo ya sm 20 kwa 10 kunachukua muda gani kwa kila mashine? Nataka kujua nitoze vipi. Na je, leza inaweza kuchonga maua ya mlango yale ya kina kirefu?

Mwale450

Hesabu ni rahisi. Nafasi kati ya mstari na mstari ukiiweka mm 0.1, kimo cha mm 100 kinatoa mistari 1,000. Kila mstari mm 200, jumla mm 200,000. Dayodi ikienda mm 6,000 kwa dakika ni kama dakika 33, ongeza kidogo kwa sababu kichwa lazima kipitilize ukingo ndipo kigeuke. CO2 ikienda mm 400 kwa sekunde ni dakika 8 na sekunde kadhaa, nayo ongeza mageuzi. Nembo ikiwa ya mistari ya nje tu, bila kujazwa, dayodi inaimaliza kwa dakika chache. Kwa hiyo unapochora kwenye Inkscape au LightBurn (programu za kompyuta za kuandaa mchoro wa leza), punguza maeneo ya kujaza, na nembo ndefu ilaze iende na mhimili wa X (upande ambao kichwa kinakwenda na kurudi) ili mageuzi yawe machache.

Toza kwa dakika ya mashine, siyo kwa ukubwa wa kibao. Nembo ndogo iliyojaa inakula muda kuliko jina refu la mistari.

Maua ya mlango ya kina cha mm 5 au zaidi hapana, kwa dayodi wala CO2. Leza inachoma, na kila ukirudia unaacha mkaa unaozuia mwale unaofuata, pembe zinaungua na kina hakilingani. Hiyo ni kazi ya ruta ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) yenye biti. Leza ni ya mm 0.2 hadi 1.

Kiwete_cha_Msasa

Nyongeza upande wa mbao, maana hapa ndipo kazi inapoonekana nzuri au mbaya.

Mtiki unatoa mchoro wa kahawia iliyokolea juu ya dhahabu, unasomeka bila rangi. Ila una mafuta, moshi wake unaganda kwenye lenzi haraka, ifute kila baada ya kazi kubwa. Mninga moyo wake ni mwekundu wa kahawia, mchoro wenye nguvu ndogo unapotea kabisa ukishapaka vanishi. Ongeza kina kidogo halafu jaza rangi nyeusi. Mkongo upo katikati. Mpingo mchoro wake ni mweusi juu ya mweusi, hauonekani bila kujaza rangi nyeupe au ya dhahabu. Paini ya Mufindi ni laini na nafuu, lakini pete zake zina tabaka laini na tabaka gumu. Laini linaungua ndani, gumu linabaki juu, na herufi ndogo zinatoka na mistarimistari. Kwenye paini tumia herufi nene, kimo kisipungue mm 6.

Utaratibu wa kumalizia: piga msasa namba 180 kisha 240, pulizia sanding sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao) mkono mmoja, acha ikauke kabisa. Bandika masking tepu pana juu, ikandamize kwa kipande cha mbao mapovu yatoke. Chora ukipita juu ya tepu. Mkaa uusugue kwa mswaki mkavu, pulizia rangi kwenye mchoro huku tepu ikiwa bado ipo, ngoja dakika kadhaa, bandua. Msasa 320 kwa upole, kisha vanishi ya mwisho. Ukiruka ile sila ya kwanza, rangi inatembea kwenye vinyweleo vya mbao na kingo za herufi zinakuwa na ndevu.

Angalizo kubwa: sila na vanishi nyingi za karakana zetu ni za nitroselulosi, na tina inatoa mvuke unaowaka. Mbao ambayo haijakauka isiende chini ya leza. Chumba cha kupulizia na chumba cha leza visiwe kimoja, hata kama mnapishana muda.

FundiUmeme_Chamwino

Niseme ya umeme. Mota ya randa au ya msumeno wa meza ikiwaka inavuta mkondo mkubwa, volti inashuka kwa muda mfupi, na kontrola ya leza inajiwasha upya katikati ya mchoro. Dawa ni laini yake ya pekee kutoka kwenye bodi ya umeme, breka yake, siyo ekstensheni moja na randa. Waya wa USB uwe mfupi, mita moja na nusu inatosha, wenye kinga ya chuma na pete ile ya feraiti. Kazi nyingi zinazokatika kwa dayodi tatizo ni huo waya, mashine yenyewe haina shida.

Umeme ukikatika: dayodi ya wati 20 na laptopu zinaweza kubebwa na UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 kwa muda wa kumalizia kazi fupi au kusimamisha kwa utaratibu. Mashine za CO2 zenye kontrola (ubao unaoongoza mashine) ya Ruida zinaweza kuendelea pale zilipoishia. Zenye kontrola ya GRBL, kama dayodi nyingi, hazikumbuki. Usiitoe mbao ilipo, rudisha kichwa nyumbani kwa swichi za mwisho wa reli, kisha kwenye LightBurn fungua onyesho la kazi, sogeza hadi pale mchoro ulipokatikia na uanzie hapo. Mashine isiyo na swichi hizo usiinunue, akiba yake ni ndogo na hasara yake ni mbao ya mteja.

Kwa CO2, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ni lazima. Pawa saplai ya tyubu inatoa zaidi ya volti 15,000. Ethi ikiwa mbovu, chaji inatafuta njia kupitia bodi ya mashine au mkono wako. Udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi ni mkavu kiasi kwamba fimbo moja fupi haisaidii: choma mbili au tatu, umbali kati yake usiwe chini ya urefu wa fimbo, uziunganishe, umwagie maji, na upime. Ikiwa chini ya omu 5 uko salama. Na hata ukizima, usiguse waya mwekundu wa tyubu papo hapo, chaji hubaki.

Mbao_Nkuhungu

Hii ya ethi sikuwahi kuambiwa na muuzaji yeyote. Na CO2 kwa joto letu inastahimili?

CO2_Kizota

Inastahimili ukinunua kipoozaji sahihi, na hapa wengi wanauziwa kisichofaa. Tyubu inataka maji ya nyuzi 18 hadi 25. CW-3000 ni tanki, rejeta na feni tu, haina kompresa, kwa hiyo maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Oktoba na Novemba Dodoma hupita nyuzi 30 mchana, na chini ya bati ni zaidi. Maji yakiwa nyuzi 33 nguvu inashuka, unapandisha ampia kufidia, tyubu inakufa kabla ya wakati. Chukua CW-5000 au CW-5200, zina kompresa ya gesi kama friji. Iweke nyuzi 20 hadi 22. Masika usiishushe zaidi, unyevu utaganda juu ya tyubu na kwenye ncha za umeme.

Maji yawe yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya bomba au kisima usiyaweke: ya hapa mengi yana chumvi, chumvi inapitisha umeme, na cheche inaweza kuruka ndani ya maji mpaka kwenye kipoozaji. Pia inaacha ukoko mweupe ndani ya tyubu. Baada ya kujaza, izungushe tyubu polepole hadi povu lote litoke, hasa upande wa kioo cha nyuma. Povu moja likikaa pale kioo kinapasuka kwa joto. Swichi ya mtiririko wa maji iunganishwe kwenye kinga ya pawa saplai, pampu ikisimama leza isiwake.

Ampia nazo: tyubu ya wati 40 usipite miliampia 18. Pale juu unapata nguvu kidogo na unapoteza maisha mengi ya tyubu. Tyubu ni kitu cha kuisha, ihesabu kwenye bei ya kazi tangu siku ya kwanza.

Mwale450

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, mkuu CO2_Kizota. CO2 yako ya wati 60 ukijumlisha kipoozaji na bloa ya moshi inafika kilowati moja na nusu hadi mbili, na inataka chumba, ethi, maji na stebilaiza. Dayodi ya wati 20 inakula chini ya wati 150. Kwa seremala ambaye leza ni nyongeza ya kazi, mzigo huo unamrudisha nyuma.

CO2_Kizota

Nakubali kwa karakana inayouza samani. Sikubali kwa anayelenga ngao na vibao. Aangalie kitabu chake cha oda.

Singida_Mbao

Naomba kuuliza: zile za faiba? Na PVC (plastiki ya mabomba) inakatika?

FundiUmeme_Chamwino

Faiba ni nanomita 1,064, kazi yake ni chuma: vibao vya alumini, funguo, vikombe vya stili. Kwa mbao haifai. PVC usiikate kwa leza yoyote. Inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni asidi, inaharibu mapafu, na reli, bearingi na vioo vinaota kutu kwa muda mfupi. Ubao wa povu wa PVC unaotumika kwa mabango ni huo huo. Mbao zilizotiwa dawa ya chumvi za shaba, kromu na aseniki, kama nguzo na baadhi ya mbao za kenchi za rangi ya kijani, nazo usizichome. MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) inakatika, ila gundi yake ina fomaldehaidi na moshi ni mzito, bila bloa usiiguse.

Mwale450

Ya moshi na macho yasipite kimya. Dayodi ya fremu ya wazi ni hatari kwa jicho hata kwa mwanga ulioruka kutoka kwenye kitasa. Miwani iandikwe 450 nm na OD5 (kiwango cha kuzuia mwanga) au zaidi. Ile ya kijani ya bure inayokuja kwenye boksi mara nyingi haina maandishi yoyote, usiiamini. Mteja na watoto wasisimame karibu. Tengeneza boksi la plaiwudi lenye dirisha la akriliki ya machungwa maalumu kwa 450. Akriliki angavu kwa dayodi haikingi chochote, wakati kwa CO2 inakinga.

Bomba la moshi inchi 4 kwa dayodi kwenye boksi, inchi 6 kwa CO2. Feni ikae mwisho wa bomba, nje, ili bomba la ndani linyonye na lisivujishe. Upepo wetu sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, toboa ukuta wa magharibi. Na leza isikae chumba kimoja na randa. Vumbi likitua kwenye lenzi linaungua pale pale, lenzi inapata doa, doa linashika joto, lenzi inapasuka.

Moto: usiiache mashine peke yake hata dakika mbili. Kizimamoto kiwe cha gesi ya CO2. Cha unga kitazima moto na kuua lenzi, vioo na bearingi.

Mbao_Nkuhungu

Nimepitia oda: nyingi ni vitanda na milango, akriliki ni chache. Nachukua dayodi ya wati 20, akriliki nitaikatisha kwa mwenye CO2. Nikiipata naanzaje?

Mwale450

Uamuzi mzuri. Hakikisha ina reli za chuma siyo magurudumu ya plastiki juu ya alumini tupu, swichi za mwisho, pampu ya hewa ya lita 30 kwa dakika, na kontrola ya GRBL. LaserGRBL ni ya bure na inatosha kujifunzia. LightBurn ya kulipia inakupa kuoanisha mchoro mkubwa kwa alama mbili, ndiyo njia ya kichwa cha kitanda kinachozidi 400.

Siku ya kwanza pima mraba kwanza. Chora mraba wa mm 300, pima kona kwa kona pande zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya mm 0.5 legeza skrubu za fremu, nyoosha, kaza. Kaza mikanda ya pande zote sawa, mkanda uliolegea unafanya duara kuwa yai. Kisha tafuta fokasi: inua mbao upande mmoja kwa kipande cha mm 10, chora mstari mmoja mrefu ukipanda mteremko, pale mstari ulipo mwembamba kuliko kote ndipo fokasi. Pima kimo hicho, kata kijiti cha kipimo, kifunge kwenye mashine.

Baada ya hapo, kipande cha kila mbao unayotumia kichoree jedwali la visanduku: kasi mm 2,000 hadi 8,000 kwa dakika, nguvu asilimia 20 hadi 100. Andika majina kwa leza hiyo hiyo, paka vanishi nusu ya kipande, kining'inize ukutani. Mteja anachagua rangi ya mchoro kwa macho, na wewe unasoma namba. Hewa iwe ndogo wakati wa kuchora, kubwa wakati wa kukata.

CO2_Kizota

Na kama inaagizwa nje, VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya thamani pamoja na usafiri, bima na ushuru, kwa hiyo pata hesabu ya wakala wa forodha kabla ya kulipa. Kutoka Dar ibebe ndani ya basi, usiiweke buti chini ya mizigo ya watu. Moduli itolewe kwenye reli na ifungwe peke yake, lenzi ikitazama chini na kifuniko juu yake. Fungua boksi mbele ya aliyeleta, washa, chora mraba mmoja, ndipo usaini.